Umenunua Gari kwa Mtu Binafsi Marekani: Kodi Iko Wapi?

Ukinunua gari yadi, kodi unaiona mapema. Imepigwa kwenye hesabu chini ya bei, na muuzaji ndiye anayeipeleka serikalini. Kwa mtu binafsi mambo ni tofauti. Mnakutana kwenye maegesho ya benki, unamkabidhi hundi, anakupa funguo na hati, mnaagana, na neno kodi halijatajwa kabisa. Wiki mbili baadaye unafika kwenye dirisha la ofisi ya magari ukiwa umejiandaa kulipa ada ya namba tu, na karani anakusomea deni la mamia ya dola. Hajakosea. Deni lilizaliwa siku ile ya maegesho, ila sheria ilimwacha muuzaji pembeni ikakutwika wewe mnunuzi.

Kodi ya mauzo, kwa jinsi majimbo ya Marekani yalivyoijenga, hukusanywa na mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Jirani anayeuza Corolla yake si mfanyabiashara, kwa hiyo hana usajili wa kukusanya kodi na hana haki ya kukutoza. Pengo hilo majimbo mengi yameliziba kwa kodi pacha, kodi ya matumizi, ambayo kwenye fomu utaikuta kwa jina la "use tax". Hutozwa mtu anayetumia ndani ya jimbo kitu ambacho hakikulipiwa kodi ya mauzo kiliponunuliwa. Kwa vitu vidogo wengi huiruka bila hata kujua kwamba ipo. Kwa gari haiwezekani, maana gari lazima liandikwe kwa jina lako, na ofisi haitoi hati ya umiliki kabla kodi haijalipwa. Hati hiyo, "title" kwa Kiingereza, ndiyo ile ambayo Tanzania huitwa kadi ya gari na Kenya logbook. Bila hiyo una chuma tu, huna gari.

Hakuna kodi ya mauzo ya taifa zima. Majimbo 45 pamoja na Washington, D.C., yana kodi yake, kila moja kwa kiwango na kanuni zake. Matano hayana ya jimbo: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. Hata hapo usishangilie haraka, kwa sababu Delaware hutoza ada ya hati inayopigwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na mlipaji hataona tofauti kubwa kati ya ada ya namna hiyo na kodi. Kwa hiyo ukiulizwa kodi ya gari la mkononi Marekani ni asilimia ngapi, jibu la kweli ni swali: utaliandikisha wapi?

Anwani yako, si ya muuzaji

Kosa la kwanza ni kudhani kodi hufuata mahali uliponunulia. Hufuata mahali gari litakapoandikishwa na kulala. Mkazi wa jimbo la Washington anayevuka mto kwenda Oregon kununua gari kwa mtu hajakwepa kitu. Akirudi kuliandikisha kwao atalipa kodi ya matumizi ya kwao, na kwa kuwa Oregon hakulipa chochote, hakuna cha kukatwa kwenye deni.

Kanuni hiyohiyo hufanya kazi ndani ya jimbo moja pale ambapo kaunti na miji inaongeza viwango vyao. California huanzia asilimia 7.25, na zipo sehemu ambapo jumla hupita 10. Gari la dola 10,000 litamgharimu mtu dola 725 kama anaishi kwenye kiwango cha chini, na 975 kama anwani yake iko kwenye asilimia 9.75, hata kama wote wawili wamenunua kwa muuzaji yuleyule asubuhi moja. Jijini New York kiwango ni asilimia 8.875, basi gari la dola 7,000 hudai 621.25. Pennsylvania hutoza 6, lakini mkazi wa kaunti ya Allegheny hulipa 7 na wa Philadelphia 8.

Florida ina mtindo wake. Jimbo huchukua asilimia 6 ya bei yote, lakini nyongeza ya kaunti hupigwa kwenye dola 5,000 za kwanza peke yake. Gari la dola 8,000 kwenye kaunti yenye nyongeza ya asilimia 1 litatoa 480 za jimbo na 50 za kaunti, jumla 530. Mtu anayepiga asilimia 7 ya bei nzima atafikiri anadaiwa 560.

Kuna ujanja maarufu wa kuandikisha gari Montana kwa jina la kampuni ya karatasi ili kukwepa kodi ya kwenu. Kampuni za kukufungulia zipo na zinajitangaza waziwazi. Tatizo ni kwamba kodi ya matumizi hufuata matumizi, na gari lenye namba za Montana linalolala mtaani kwako mwaka mzima ni ushahidi wenye magurudumu manne. Majimbo kadhaa huwasaka wenye magari hayo na kudai kodi pamoja na faini na riba.

Bei ipi inapigiwa kodi?

Hapa ndipo penye mzozo. Wanunuzi wengi huamini kodi hupigwa kwenye bei waliyoiandika kwenye hati ya mauziano. Majimbo yamekwishachoka na magari mazima yanayouzwa "dola 500", na kila moja limetafuta dawa yake.

Texas ina dawa iliyo wazi kuliko nyingi, kwa hiyo inafaa kuielewa hata kama huishi huko. Kodi ya magari ni asilimia 6.25. Kwa mauziano ya watu binafsi, tangu Oktoba 2006, jimbo hulinganisha bei uliyolipa na bei elekezi ya gari la aina hiyo. Kama ulilipa asilimia 80 ya bei elekezi au zaidi, kodi hupigwa kwenye bei yako. Kama ulilipa chini ya hapo, kodi hupigwa kwenye asilimia 80 ya bei elekezi, utake usitake.

Chukua gari ulilonunua kwa dola 6,000 wakati bei elekezi ni 9,000. Asilimia 80 yake ni 7,200, na kodi inakuwa dola 450 badala ya 375 ulizotarajia. Hujadanganya, umepata tu bei nzuri, na bado umelipa zaidi. Bei elekezi unaweza kuitazama mwenyewe kwenye tovuti ya idara ya magari ya Texas kwa kuingiza namba ya chasisi na maili za gari. Itazame kabla hujaafikiana na muuzaji. Baada ya hapo itakusaidia kujua deni tu.

Kama gari kweli ni bovu, Texas huruhusu tathmini ya mtu anayetambuliwa na sheria, yaani dila wa magari mwenye leseni au mtathmini wa bima, kwa fomu 14-128. Lazima ifanyike ndani ya siku 20 za kazi za kaunti tangu ununue. Lakini piga hesabu kwanza. Katika mfano wetu, tathmini ya dola 6,200 ingeshusha kodi hadi 387.50, umeokoa dola 62.50, na ada ya mtathmini inaweza kuimeza yote. Sasa chukua gari lililokufa injini: umelinunua kwa dola 3,000, bei elekezi 12,000. Bila tathmini utapigiwa hesabu kwenye 9,600, kodi dola 600. Ukiwa na tathmini ya 3,200 utalipa 200. Hapo safari ya kwa mtathmini ina maana. Siku zikipita, mlango umefungwa, hata kama injini bado iko chini kwenye sakafu ya gereji.

Georgia haiulizi sana ulilipa ngapi. Tangu Machi 2013 imefuta kodi ya mauzo kwa magari mengi na kuweka kodi moja ya hati, TAVT, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 7. Kwa mauziano ya watu binafsi msingi wake ni thamani iliyopangwa na jimbo lenyewe. Ukinunua kwa dola 5,000 gari ambalo jimbo linaliona la 8,000, unadaiwa 560. Massachusetts nayo hutoza asilimia 6.25 ya bei au ya thamani iliyo kwenye vitabu vya bei za magari, ile iliyo kubwa. Michigan hupima kwa asilimia 6 ya bei au thamani ya soko, vilevile ile iliyo kubwa. New York hukubali bei yako, ila kwa fomu DTF-802, na kama bei iko chini ya soko, muuzaji naye lazima ajaze sehemu yake na kutia sahihi. Hivyo muuzaji aliyehamia mbali na kuzima simu anakuwa tatizo la kodi kwako.

Kisha kuna Illinois, ambako hesabu haifanani na ya jirani yeyote. Kwa gari la chini ya dola 15,000 bei haijalishi, unalipa kwa umri wa gari kwenye fomu RUT-50. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2022, gari la mwaka mmoja au jipya zaidi hulipa dola 465, la miaka mitano 190, la miaka saba 155, na lililopita miaka kumi 100. Likifika 15,000 unahamia jedwali la pili, linaloangalia bei: 850 kwa gari la kuanzia 15,000 hadi chini ya 20,000, 1,100 hadi chini ya 25,000, na kuendelea. Ona kinachotokea kwenye mpaka. Gari la miaka sita kwa dola 14,900 hulipa 165. Gari hilohilo kwa 15,000 hulipa 850. Dola 100 za mwisho za mapatano zinaweza kukugharimu 685, na muuzaji wala hajui. Kwa mnunuzi wa Illinois, kupatana hadi chini ya mstari huo kuna faida kuliko kumwomba mtu akubadilishie matairi.

Yapo pia majimbo ambayo hayatozi kabisa kodi ya mauzo kwa gari linalopita kutoka mtu hadi mtu: Arizona, Nevada na Hawaii. Nevada ilianza msamaha huo Januari 2006. Kinachobaki ni ada za usajili, na Arizona na Nevada huwa na tozo ya kila mwaka inayofuata thamani na umri wa gari. Watu huichanganya na kodi ya ununuzi na kudhani wameonewa.

Kuandika bei ya uongo

Ombi la "andika elfu moja tu" huja karibu kila mauziano, mara nyingine kutoka kwa muuzaji mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Fomu ya bei husainiwa chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, na hilo peke yake lingetosha. Lakini kuna hasara ya karibu zaidi. Hati ya mauziano ndiyo ushahidi wako mkuu wa fedha ulizotoa. Gari likigundulika ni la wizi, au maili zimerudishwa nyuma, na ulilipa dola 8,000, utakwenda mahakamani kudai ulichoandika: 1,000. Texas uongo huo haukushushi chini ya asilimia 80 ya bei elekezi, na Georgia haukupunguzii hata senti, kwa sababu tayari wana bei yao. Umejitia hatarini bure.

Ndugu ni nani?

Majimbo mengi yana nafuu kwa gari linalohama ndani ya familia, na hapa Kiswahili chetu hutuponza. Kwetu ndugu ni mpana: binamu, mjomba, shangazi, mtoto wa shemeji. Sheria ina orodha, na asiye kwenye orodha ni mgeni.

California husamehe kodi kati ya mume na mke au wenza waliosajiliwa, wazazi na watoto, babu au bibi na wajukuu. Kaka na dada husamehewa tu kama wote wawili hawajatimiza miaka 18, kwa hiyo ukinunua gari la kaka yako mkiwa watu wazima unalipa kama wengine. New York inawatambua mume, mke, mzazi, mtoto, na wazazi na watoto wa kambo, na kaka hayumo. Texas inamkubali kaka na dada, pamoja na mlezi wa kisheria na mirathi ya marehemu, lakini msamaha wake ni wa zawadi na si wa mauzo, na hugharimu dola 10 badala ya kodi. Illinois hutoza dola 15 kwa mauziano ndani ya familia inayokubalika. Georgia kuna kiwango cha nusu asilimia kwa familia ya karibu, kama aliyekuwa na gari alikwishalipa TAVT.

Kwa Texas zawadi ina masharti yanayowaangusha wengi. Fomu 14-317 husainiwa na mtoaji na mpokeaji mbele ya notari, yaani ofisa wa kuthibitisha sahihi, kisha hupelekwa dirishani na mmoja wao kwa mguu wake, si kwa posta. Na lazima iwe zawadi kweli. Kama gari bado lina mkopo na wewe ndiye utakayeumalizia, hiyo si zawadi, umelinunua kwa kiasi cha deni. Binamu akikupa gari bure, hayumo kwenye orodha, na hesabu hupigwa kama mauzo kwa kufuata bei elekezi. Njia ya halali ipo wakati mwingine: baba akimpa mwanawe, kila mtu yumo kwenye orodha. Ila kupitisha gari mikononi mwa mtu ambaye hakulimiliki kamwe ili kuunda undugu wa karatasi ni udanganyifu.

Wengine huogopa kodi ya zawadi ya serikali kuu. Hiyo ni habari ya mtoaji, na kwa mwaka 2025 haimgusi mpaka zawadi zake kwa mtu mmoja zipite dola 19,000. Hata zikipita, kwa kawaida anachodaiwa ni kujaza fomu 709.

Siku zinazohesabika

Saa huanza siku ya mauziano, si siku ulipopata nafasi. California humpa mnunuzi siku 10 kuripoti, na muuzaji siku 5 kuarifu kwamba gari si lake tena. Michigan na Washington ni siku 15, Pennsylvania 20, na Texas, Florida, Ohio, Illinois na Missouri 30.

Adhabu hutofautiana kwa ukali. Washington hukutoza dola 50 siku ya 16, kisha dola 2 kila siku hadi zifike 125. Missouri ni dola 25 kwa kila siku 30 za kuchelewa, mwisho 200. Texas huongeza asilimia 5 ya kodi ukichelewa hadi siku 30, na asilimia 10 zaidi ya hapo, mbali na faini ya hati yenyewe.

Jua pia unakwenda ofisi gani. Watu husema DMV, yaani idara ya magari, kwa mazoea, lakini Texas unakwenda ofisi ya kodi ya kaunti, na Ohio hati hushughulikiwa na ofisi ya karani wa mahakama ya kaunti, kisha namba kwenye ofisi nyingine. Safari nyingi za bure huanzia hapo.

Na usibebe fedha za kodi peke yake. Dirishani kodi husimama kwenye foleni moja na ada ya hati, usajili na mengineyo. Texas ada ya hati ni dola 28 au 33 kutegemea kaunti. Florida, asiye na namba ya zamani ya kuhamishia hulipa ada ya usajili wa mara ya kwanza, dola 225, na hiyo huwashtua wageni kuliko kodi.

Karatasi zinazorudisha watu nyumbani

Karani hawezi kupokea kodi yako kama hati ina kasoro, na wakati unahangaika siku zinahesabika. Kagua hati kabla fedha hazijatoka mkononi.

Jina la muuzaji kwenye hati lifanane na kitambulisho chake. Kama kuna majina mawili yaliyounganishwa na neno AND, sahihi zote mbili zinahitajika. Kama ni OR, kwa kawaida moja inatosha. Kufuta kwa wino mweupe au kukata neno na kuandika juu yake huweza kuiua hati, hata kama kosa lilikuwa tarakimu moja ya maili, kwa hiyo andikeni taratibu, mezani, si kwenye boneti. Ohio na North Carolina sahihi ya muuzaji lazima iwe mbele ya notari, kwa hiyo usikubali hati aliyokwishaisaini nyumbani. Gari la modeli ya 2011 na kuendelea hudai tamko la maili kwa sheria ya shirikisho, kwa miaka 20. Ya modeli ya 2010 kurudi nyuma yameachwa.

Kama benki imeandikwa kwenye hati kama mdai, dai barua ya benki inayosema deni limekwisha. Ahadi ya "nitalipa nikipata hela yako" imewaacha watu na gari lisiloandikishika na kodi isiyolipika.

Mbaya kuliko yote ni hati iliyoruka mtu. Unayemlipa si aliye kwenye hati. Yeye alinunua mwezi uliopita, hakuiandikisha kwa jina lake ili asilipe kodi, akaacha nafasi ya mnunuzi wazi, na sasa anakuuzia akikwambia "jaza jina lako tu". Kila mauziano ni tukio lake la kodi, na ofisi ikigundua kwamba katikati yupo mtu aliyerukwa, inaweza kukwamisha hati mpaka mnyororo unyooke au kodi ya mauziano yale mengine ilipwe. Wanaofanya hivi mara nyingi ni wachuuzi wasio na leseni wanaojifanya watu binafsi. Swali moja huwafichua: mpigie simu useme tu "nauliza kuhusu lile gari". Akijibu "lipi?", umempata.

Yadi au mtu, kwa jicho la kodi

Majimbo mengi hupunguza kodi unapomwachia dila gari lako la zamani. Texas, gari la dola 18,000 ukimwachia lako kwa 7,000, kodi hupigwa kwenye 11,000: dola 687.50 badala ya 1,125. Tofauti ni 437.50. Kwa hiyo kuuza lako kwa mtu binafsi kwa 7,300 si faida ya 300, ni hasara ya 137.50. Ili upite hapo unahitaji bei ya zaidi ya 7,437.50. California haitoi nafuu hiyo, na huko kuuza mwenyewe hakukupotezei chochote cha kodi. Missouri imekwenda mbali zaidi: ukiuza gari lako ndani ya siku 180 kabla au baada ya kununua jingine, hata kama yote mawili ni kwa watu binafsi, bei ya la zamani hukatwa kwenye hesabu ya jipya. Unachohitaji ni hati ya mauziano ya lile uliloliuza, na watu wengi wameitupa.

Illinois mizani hulalia upande wa mtu binafsi waziwazi. Gari la miaka saba la dola 14,000 hulipa 155 kwa mtu. Kwa dila asilimia 6.25 ya jimbo peke yake ni 875, kabla ya nyongeza za mji.

Baada ya kulipa, stakabadhi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kwenye marejesho ya kodi ya mapato ya shirikisho, kwa anayeorodhesha makato yake badala ya kuchukua kato la kawaida. Unaweza kuchagua kukata kodi za mauzo badala ya kodi ya mapato ya jimbo, na kodi ya gari huongezwa juu ya kiasi cha jedwali la IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho. Kikomo cha makato ya kodi zote za majimbo na mitaa kilikuwa dola 10,000 tangu 2018, kikapandishwa hadi 40,000 kuanzia 2025, ila hushuka kwa wenye mapato makubwa. Anayeishi Texas au Florida, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo, ndiye hasa anayenufaika.

Ya pili ni siku ukihama. Jimbo jipya likidai kodi ya matumizi kwa gari ulilolinunua karibuni, kwa kawaida hukukatia ulicholipa kule ulikotoka. California huwa na shaka na gari lililonunuliwa nje na kuingizwa ndani ya miezi 12, na aliyelinunua kwa mtu Arizona hana cha kukatiwa, kwa sababu hakulipa. Texas hurahisisha: mkazi mpya aliyekuwa na gari kwa jina lake kwingine hulipa dola 90. Karani wa jimbo jipya hataipigia simu ofisi ya zamani kuuliza. Atataka kuiona stakabadhi yenyewe, ikiwa na namba ya chasisi na kiasi cha kodi kilichotengwa na ada nyingine, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo kabla wino wa ile karatasi ya mashine haujafifia.